Komedi ya talaka, Uingereza 1935: fumanizi la kupangwa lilifanywaje?

Mtunzi_Jukwaa: Wakuu, naandika komedi ya jukwaani. Mume na mke wa London, 1935, wamekubaliana kuachana kwa amani, kwa hiyo mume anajitengenezea fumanizi hotelini. Mke ana mchumba tayari. Naomba hatua zenyewe, na wapi mambo yanaweza kuharibika.

SheriaZaKale: Mkuu, anza na sababu. Wakati huo makubaliano hayakuwa msingi wa talaka. Kwa kawaida mahakama ilitaka uzinzi. Mke aliweza kudai kwa uzinzi pekee tangu 1923. Kabla ya hapo alitakiwa kuongeza kosa jingine, kama ukatili au kutelekezwa. Ndiyo maana waungwana walijibebesha lawama.

Hatua: mume anachukua chumba mji wa pwani, Brighton ndiyo iliyozoeleka, pamoja na mwanamke wa kukodiwa. Wanajiandikisha kama mtu na mkewe. Usiku wanacheza karata, hagusani mtu. Asubuhi wanaingia kitandani, wanapiga kengele ya chai, mhudumu anaingia na trei na kuwaona. Bili inamfikia mke, naye anaipeleka kwa wakili. Mahakamani mhudumu anamtambua mume kwa picha, na kuapa kwamba yule mwanamke hakuwa huyu mke.

Usiisogeze hadi 1938. Sheria ya 1937 ilianza kazi Januari 1, 1938 ikaongeza ukatili, kutelekezwa miaka 3 na wendawazimu usiotibika. Hapo hadhira itauliza kwa nini wanahangaika na hoteli.

Kalamu_Nzito: Kesi yote imebebwa na mhudumu, kwa hiyo mpe nafasi kubwa. Akiwahi, anakuta watu wamevaa makoti. Akiwa na adabu sana, anainamisha macho, anaweka trei na kutoka, na hana uso wa kuutambua. Hilo la pili ndilo zuri zaidi, kwa sababu kinachoharibu mpango ni wema.

SheriaZaKale: Na huyo mchumba ni hatari kuliko mhudumu. Hukumu ya kwanza ilikuwa ya muda, miezi 6 ndipo ikamilike. Humo ndani King's Proctor, wakili wa serikali, aliweza kuingilia. Ikithibitika wanandoa walikula njama, au mke alificha uzinzi wake mwenyewe, hukumu inafutwa na wanabaki mume na mke. Basi mchumba aje mchana, mlango ukiwa wazi.

Kuna na msamaha: mke akijua kosa kisha akalala tena na mumewe kabla ya kesi kusikilizwa, kosa limesamehewa kisheria. Kama unataka wapatane, njia yako ni hiyo.

Mtunzi_Jukwaa: Nimepata. Karata nazo wazifiche wapi?

Kalamu_Nzito: Popote, ila moja ibaki juu ya shuka. Mhudumu akiulizwa kizimbani aliona nini kitandani, aitaje: malkia wa kopa.