Wauza baiskeli wa Moshi, acheni kuwadanganya wabeba mizigo na fremu za aluminiamu!

Wakuu, nina hasira na sifichi. Mimi nabeba ndizi kutoka Kibosho kushusha Mbuyuni. Muuzaji mmoja wa baiskeli za mtumba hapa mjini aliniapia kwamba fremu ya aluminiamu haifi, haishiki kutu, tena nyepesi. Nikatoa laki tatu na nusu, na ya chuma pembeni yake ilikuwa laki mbili.

Kutu haikushika, kweli. Imepasuka! Ufa ulianza pale bomba la kiti linapokutana na bomba la juu, kando ya kiungo, mwembamba kama unywele, rangi ikawa inabanduka. Sasa umezunguka nusu ya bomba. Fundi wa kuchomelea akaweka sumaku, ikadondoka. "Hii siigusi," akasema, "mashine yangu ni ya kuchomelea chuma tu."

Hilo ndilo alilonificha yule muuzaji. Chuma kikipasuka, fundi wa mtaani anakiunga jioni, asubuhi uko barabarani. Aluminiamu inataka mashine ya gesi ya agoni na mtu anayeijua hasa. Hata ikiungika, moto unalegeza bomba pembeni ya kiungo, ndiyo maana kiwandani fremu nyingi za namna hii huingizwa kwenye tanuri baada ya kuchomewa ili nguvu irudi. Hapa Majengo tanuri hilo analo nani? Halafu aluminiamu inachoka. Kila shimo la barabara linaipunguzia maisha, hata ukibeba mzigo mdogo. Chuma usipokizidishia mzigo kinavumilia miaka na miaka, na kutu unaizuia kwa rangi na grisi ndani ya mabomba.

Wepesi wenyewe ni wa maneno. Aluminiamu ina theluthi tu ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule, lakini mabomba yake hutengenezwa manene ili kufidia. Inabaki tofauti ya kilo moja hivi. Nikiwa na mikungu miwili kwenye keria, kilo hiyo inanisaidia nini? Fremu za kaboni na titani sizungumzii, bei zake si za mbeba ndizi.

Leo ananiambia nilizidisha mzigo. Wakati nilimweleza kazi yangu kabla hata sijatoa hela!

Nataka anirudishie hela au anipe ya chuma. Na mwenye fremu ya chuma, ya kawaida au ya kromoli (chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni), Moshi au Arusha, aweke bei hapa na picha za viungo vyake kwa karibu.