Haidridi ya magnesiamu inatoa asilimia 5.1 tu ya haidrojeni: niongeze kichocheo?

PodaKavu:
Wakuu, naomba mawazo. Nina haidridi ya magnesiamu (MgH₂) iliyochanganywa na kichocheo, oksidi ya niobi (Nb₂O₅), asilimia 1 kwa moli. Imesagwa saa 20 ndani ya argoni kwenye kinu cha gololi, mizunguko 400 kwa dakika, gololi za chuma cha pua zenye uzito mara 20 ya poda, na kinu kinapumzika dakika 15 kila baada ya dakika 15 za kusaga.

Kipimo ni hiki: gramu 0.5 za poda, nyuzi 300 za Selsiasi. Najaza kwa baa 20, halafu natoa gesi kuingia kwenye tangi la mililita 200 lililovutwa ombwe, ambalo liko kwenye joto la chumba. Nasoma baada ya dakika 30. Mizunguko ya mwanzo inatoa asilimia 5.1 ya uzito, lakini baada ya mizunguko 20 imeshuka hadi 4.6. Haidrojeni ni ya asilimia 99.99.

Maswali mawili. Nikipandisha oksidi ya niobi hadi asilimia 2 kwa moli, nitapata zaidi? Na je, kichocheo kizuri kinaweza kushusha joto la kutoa gesi hadi nyuzi 80, ili tangi liendeshwe na joto la seli ya mafuta ya utando (kifaa kinachogeuza haidrojeni kuwa umeme)?

Mizani:
Mkuu, kichocheo kiache kwanza. Tazama tangi lako.

Kwa MgH₂, entalpia ya kutoa haidrojeni (joto linalohitajika kuitoa) ni karibu kilojuli 75 kwa moli ya H₂, na entropia (ongezeko la mtawanyiko gesi inapotoka) ni karibu juli 135 kwa moli kwa kelvini. Weka nyuzi 300, yaani kelvini 573, na shinikizo la msawazo, ambapo kutoa na kumeza gesi kunalingana, linatoka karibu baa 1.6. Gesi iliyo juu ya poda ikifika hapo, mmenyuko unasimama hata kama nusu ya haidridi bado haijaguswa.

Sasa gesi yako. Asilimia 5.1 ya gramu 0.5 ni miligramu 25.5, sawa na milimoli 12.6 za H₂. Kwenye mililita 200 na nyuzi 25, hiyo ni baa 1.57. Umeona? Poda haijaisha gesi. Imezuiwa na shinikizo ililolitengeneza yenyewe. Ungeweka kichocheo bora kuliko vyote duniani, namba ingebaki palepale.

Tiba ni tangi kubwa zaidi. Ukiwa na lita 1, poda hiyohiyo ikitoa asilimia 6.5 itafikisha baa 0.4 tu, na msukumo utabaki hadi mwisho. Kupunguza sampuli hadi gramu 0.2 kunafanya kazi pia, ila kosa la mizani na uvujaji mdogo vitakuwa na uzito zaidi kwenye jibu, kwa hiyo mimi nachagua tangi. Kupandisha joto hadi 330 kunaleta msawazo wa baa 3.6, lakini joto hilo linakuza fuwele za poda, na umehangaika saa 20 kuzifanya ndogo.

Kabla ya kurudia, hakiki ujazo wa mfumo kwa heli, bomba likiwa kwenye nyuzi 300 na ndani yake kuna poda isiyomenyuka ya ujazo uleule. Gesi iliyo sehemu ya moto ina moli chache kuliko ya ujazo huohuo kwenye baridi. Anayetumia ujazo uliopimwa kwenye baridi anaona haidrojeni isiyokuwepo, au anaipoteza iliyopo. Kisha endesha mzunguko mzima bila sampuli. Jibu lisipokuwa sifuri, hicho ndicho kiasi cha kosa lako.

Kuhusu asilimia 2: kwa moli inaonekana ndogo, kwa uzito ni mzigo. Moli moja ya Nb₂O₅ ina gramu 266, ya MgH₂ ina 26.3. Asilimia 1 kwa moli tayari ni asilimia 9.3 ya uzito wa poda, na hiyo peke yake inashusha 7.6 ya nadharia hadi 6.9. Tena magnesiamu inaipokonya niobi oksijeni: kila moli ya Nb₂O₅ inaweza kula moli 5 za magnesiamu na kuacha oksidi ya magnesiamu (MgO), isiyobeba haidrojeni. Ukihesabu hilo, matarajio halali kwa mchanganyiko wako ni 6.5. Kwa asilimia 2 dari linashuka hadi karibu 5.7. Kwa nusu asilimia linapanda hadi karibu 7.0, na kasi kwenye nyuzi 300 bado ni nzuri. Kwa hiyo jaribu kupunguza.

Gololi:
Hesabu ya Mizani inaeleza 5.1. Haielezi kushuka hadi 4.6, kwa sababu kikomo cha shinikizo hakichakai kwa mizunguko. Kinachochakaa ni kasi. Ukikaribia msawazo msukumo unakuwa hafifu, na poda iliyopungua kasi kidogo tu haimalizi ndani ya dakika 30. Acha mzunguko mmoja uende saa tatu. Ikirudi 5.1, tatizo ni kasi. Isiporudi hata kwenye tangi kubwa, kuna magnesiamu iliyokwisha kuliwa na oksijeni.

Mshukiwa wa kwanza kwangu ni zile baa 20. Kujaza kunatoa joto lilelile la kilojuli 75 kwa moli, na poda isiyoshikamana hupitisha joto vibaya mno, chini ya wati 1 kwa mita kwa kelvini. Poda inajipasha yenyewe mpaka msawazo wake ulingane na shinikizo la kujazia. Kwa baa 20 kikomo hicho ni karibu nyuzi 408. Kwa baa 6 ni karibu 351. Kidhibiti cha tanuru kinasoma 300 kwa utulivu, huku katikati ya sampuli fuwele zinakua na niobi inasambaratika isivyo sawa. Ingiza kipimajoto chembamba ndani ya poda yenyewe, si ukutani mwa bomba, na ujaze kwa baa 6 hadi 8. Itachukua dakika zaidi. Si hasara.

Mshukiwa wa pili ni gesi. Tangi la mililita 200 lenye baa 20 lina milimoli 160. Kwa usafi wa 99.99, uchafu ni hadi mikromoli 16 kila mzunguko, na kwa mizunguko 20 ni milimoli 0.3. Sampuli yako ina milimoli 17 za magnesiamu. Hata uchafu wote ungekuwa mvuke wa maji, ungeua asilimia 2 ya magnesiamu. Ungekuwa oksijeni tupu, karibu 4. Wewe umepoteza asilimia 10, kwa hiyo gesi peke yake haitoshi kuwa sababu. Lakini MgO haijitandazi kwa usawa ndani ya chembe. Inakaa juu, palepale haidrojeni inapopitia, ndiyo maana kiasi kidogo hukwamisha kazi kubwa.

Njia nzuri ya kusafisha ni kupitisha haidrojeni kwenye LaNi₅, aloi ya lanthani na nikeli inayomeza haidrojeni. Ijaze kwenye joto la chumba, fungulia gesi ya juu kidogo itoke na uchafu usiomezwa, kisha pasha hadi nyuzi 80. Itakupa zaidi ya baa 10 za haidrojeni safi sana, zinazotosha kabisa kwa kujaza baa 6. Usijaze chombo cha LaNi₅ zaidi ya nusu: hutanuka karibu robo ya ujazo wake, na unga mwembamba ukijikusanya chini unaweza kupasua hata bomba la chuma. Weka kichujio cha metali cha nusu mikroni kwenye kila mlango, la sivyo unga utafika kwenye vali na hazitafunga tena.

PodaKavu:
Nimeelewa, nabadilisha tangi na shinikizo la kujazia. Swali la nyuzi 80 bado. Na kama MgH₂ haiwezi, alanati ya sodiamu (NaAlH₄, haidridi ya sodiamu na alumini) yenye kichocheo cha kloridi ya titani (TiCl₃) inachanganywa kwa kiasi gani?

Mizani:
Haiwezi, na sababu iko kwenye hesabu ileile. Kwa nyuzi 80 msawazo wa MgH₂ ni karibu baa 0.0001. Kichocheo kinapunguza kizingiti ambacho mmenyuko unapaswa kuruka. Hakigusi tofauti ya nishati kati ya mwanzo na mwisho. Machapisho yanayosifu "joto la kuanza kutoa" mara nyingi yamepima ndani ya ombwe au mkondo wa argoni, mahali ambapo shinikizo la haidrojeni ni karibu sifuri. Seli ya mafuta inataka gesi yenye baa moja au zaidi.

Kubadilisha entalpia ndiyo kazi yenyewe, na ina bei yake. Mg₂NiH₄, yenye nikeli ndani yake, inashuka hadi karibu kilojuli 65 na inabaki na asilimia 3.6 tu ya uzito. Kuongeza silikoni kunaleta Mg₂Si na kupunguza joto linalohitajika, lakini Mg₂Si haikubali kurudi kuwa haidridi kwa shinikizo la kawaida. Pia kumbuka kilojuli 75 ni karibu asilimia 31 ya nishati iliyomo kwenye haidrojeni yenyewe (242 kwa moli). Joto hilo lisipotoka bure kwenye seli, unachoma theluthi ya mafuta kupasha tangi. Kwa hiyo MgH₂ inafaa na seli za oksidi ngumu zinazofanya kazi juu ya nyuzi 600. Kwa seli ya utando ya nyuzi 80, aloi kama TiFe (titani na chuma) au LaNi₅ ndizo zinazoendana, ukikubali asilimia 1.4 hadi 1.9 ya uzito.

Alanati iko katikati. Tangu Bogdanović na Schwickardi walipoonyesha mwaka 1997 kwamba titani inaifanya ijazike tena, ndiyo haidridi changamani inayoeleweka zaidi. Hatua ya kwanza inatoa asilimia 3.7 kwa kilojuli 37, ya pili 1.9 kwa kilojuli 47. Hatua ya pili inahitaji zaidi ya nyuzi 110 kufika baa moja, hivyo mwenza wake ni seli ya utando wa joto la juu, nyuzi 160 hivi. Usivuke 180, alanati inayeyuka.

Kwa gramu 10 za NaAlH₄, asilimia 2 kwa moli ya TiCl₃ ni gramu 0.57. Kila moli ya TiCl₃ inaharibu moli 3 za alanati na kuacha chumvi ya kawaida, NaCl, kwa hiyo asilimia 6 ya alanati imekwenda. Pamoja na uzito wa nyongeza, jumla ya asilimia 5.6 za hatua zote mbili inakuwa karibu 5.0. Asilimia 4 inaua alanati asilimia 12, na kasi haiongezeki kwa kiasi hicho. Saga saa 1 hadi 2, gololi mara 10 ya poda. Jaza tena kwa nyuzi 120 na baa 80 hadi 100.

Gololi:
Nyongeza moja kabla hujawasha kinu. TiCl₃ hiyo inafukuza moli 6 za H₂ kwa kila moli yake wakati wa kusaga. Kwa vipimo hivyo ni karibu nusu lita ya gesi, na chungu cha kinu chenye nafasi ya mililita 200 kitaongezeka baa 2.7. Kifungue ndani ya sanduku la glavu (sanduku lisiloingia hewa, lenye glavu za kufanyia kazi) tu, polepole, na usitumie kifuniko kisicho na vali. Mabaki ya alanati usiyaguse kwa maji, na MgH₂ iliyokwisha kutoa gesi ni mbaya zaidi kuliko ikiwa imejaa: ni magnesiamu tupu yenye chembe ndogo mno, inawaka ikigusa hewa. Zima kwa mchanga mkavu. Kizimamoto cha kaboni dioksidi kitauendeleza moto, kwa sababu magnesiamu inaungua ndani ya gesi hiyo pia.