Woking ni mji wa aina gani? Dada yangu amepanga chumba huko

BintiKuze
Assalamu alaikum jamaa. Dada yangu ni muuguzi, kapata kazi London, lakini kodi za huko hazishikiki, basi kapanga chumba mji uitwao Woking. Asema asubuhi stesheni hufurika watu kama feri ya Likoni, na jioni wote hao warudi. Mama haishi kuuliza: huko ni wapi, na Waislamu wapo? Kwenye ramani naona Old Woking iko mbali na Woking yenyewe, na kuna msikiti karibu kabisa na reli. Mwenye kuujua mji huu anieleze umekuaje.

Mwalimu_Kisauni
Waalaikum salaam mwanangu. Mwambie mama atulie, bintiye hakufika ugenini. Mimi nilikaa Woking nilipokuwa nasoma Guildford, na baadaye nikasomesha jiografia miaka mingi. Mji ule naupenda kwa sababu kila kilichopo, ukiuliza kwa nini kiko pale, utapata jibu.

Uko jimbo la Surrey, kusini-magharibi ya London, kama kilomita 39 kwa reli. Old Woking ndiyo asili: kijiji kando ya mto Wey, kimeandikwa katika daftari la mfalme la 1086. Kaskazini yake kulikuwa na nyika tupu, mchanga na vichaka, ardhi isiyofaa kulimwa. Mwaka 1838 reli kutoka London ikapita nyikani humo, na stesheni ikawekwa humo humo, kama kilomita mbili kutoka kijijini.

Kilichoujenga mji ni maziara. London ilikuwa imejaa, watu wanakufa kwa kipindupindu na pa kuzika hakuna. Mwaka 1852 kampuni moja ilipata sheria ya Bunge, ikanunua zaidi ya ekari 2,000 za nyika ile, na 1854 ikafungua maziara ya Brookwood. Maiti waliletwa kwa treni maalumu kutoka Waterloo, London, tena kwa madaraja, tajiri mbali na maskini mbali! Treni hizo zilikoma 1941, baada ya stesheni yao ya London kupigwa mabomu. Lakini ardhi ilikuwa kubwa kuliko haja, ikabidi kampuni iuze nyingine, na viwanja karibu na stesheni vikawa mitaa. Reli ilipotiwa umeme 1937 ikawa rahisi zaidi kulala Woking na kufanya kazi London. Hao ndio anaosongamana nao dada yako.

Sehemu moja ya ardhi ile lilijengwa jumba la waigizaji wastaafu. Likafungwa, na miaka ya 1880 akalinunua Dkt. Leitner, msomi mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa mkuu wa chuo Lahore, India ya wakati huo. Akalifanya chuo cha elimu za Mashariki, na ingawa hakuwa Mwislamu, akataka wanafunzi Waislamu wawe na pa kuswali. Pesa nyingi alitoa Shah Jahan, Begum, yaani mtawala mwanamke, wa Bhopal huko India, na msikiti ukamalizika 1889. Una kuba la kijani na nakshi za Kihindi. Ukiwa kwenye treni waweza kuuona. Leitner alipofariki 1899 ukakaa karibu bila watu, mpaka 1913 alipokuja Khwaja Kamal-ud-Din, mhubiri wa Kiislamu kutoka India, akauhuisha.

Abu_Majengo
Shukran mwalimu, ila mimi najua msikiti wa kwanza Uingereza ni wa Liverpool, wa Sheikh Abdullah Quilliam.

Mwalimu_Kisauni
Hukukosea, ndugu yangu. Wa Liverpool nao ni wa 1889, lakini ulikuwa nyumba ya kawaida iliyogeuzwa. Wa Woking ulijengwa tangu msingi uwe msikiti, na kwa hilo ndio wa kwanza nchini. Quilliam mwenyewe amezikwa Brookwood, kwenye sehemu ya Waislamu. Pickthall na Abdullah Yusuf Ali, waliofasiri Qur'ani kwa Kiingereza, wako hapo hapo.

BintiKuze
Mashallah! Mama kanisomesha mara mbili. Kwenda Brookwood kuzuru ni mbali?

Mwalimu_Kisauni
La, ni stesheni moja tu ukielekea Basingstoke. Aulizie pia bustani ya Horsell, matembezi tu kutoka mjini. Hapo walizikwa askari Waislamu wa jeshi la India wa Vita Kuu ya Kwanza. 1968 wakahamishiwa Brookwood, na ukuta na matao ya Kihindi yamebaki.

Na mama apende hili: treni za Portsmouth hupita Woking. Portsmouth ndiko alikokaa Sayyid Jamshid, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, baada ya kupinduliwa 1964, mpaka alipohamia Oman 2020.