Kama dawa inaondoa amiloidi ubongoni, kwa nini mgonjwa wa Alzheimer haponi?

Mpwa wa Ugweno (mleta mada)

Wanajamvi, salaam. Tangu mama yangu mkubwa alipoanza kupotea njia ya kutoka sokoni kwenda nyumbani, njia aliyoipita kwa zaidi ya miaka thelathini, nimekuwa nikisoma kuhusu ugonjwa wa Alzheimer, na kuna jambo limenitatiza. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza alichokikuta katika ubongo wa marehemu mgonjwa wake, Auguste Deter: mabaka nje ya seli za neva na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli hizo. Leo tunajua kwamba mabaka ni protini iitwayo amiloidi na nyuzi ni protini iitwayo tau. Dawa ya Leqembi huondoa sehemu kubwa ya amiloidi, na picha za ubongo zinathibitisha hilo. Hata hivyo, katika jaribio la watu 1,795 lililodumu miezi 18, ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27 tu. Je, watafiti walimshika mtu asiye mwizi, au walimshika mwizi wakati mali imekwisha kuuzwa?

Darubini

Ndugu mleta mada, ushahidi dhidi ya amiloidi hautoki kwenye mabaka peke yake, bali hasa kwenye jeni. Watu wenye hali ya kuzaliwa iitwayo Down (Down syndrome) huzaliwa na nakala tatu za kromosomu ya 21, ambayo ndiyo hubeba jeni ya kutengeneza protini mama ya amiloidi, na wengi wao hupata mabaka hayo wakingali na umri wa kati. Mwaka 1991 watafiti wa London waligundua kasoro katika jeni hiyohiyo ndani ya ukoo uliokuwa ukiugua mapema, na mwaka uliofuata John Hardy na Gerald Higgins wakaandika hoja kwamba amiloidi ndiyo inayoanzisha mlolongo wote wa maradhi.

Kuanzisha, lakini, si sawa na kuendeleza. Amiloidi hurundikana miaka 15 au 20 kabla ya mtu kusahau lolote, ilhali usahaulifu wenyewe hufuatana zaidi na kuenea kwa tau. Kwa hiyo mfano wako wa mwizi ningeubadilisha: amiloidi ni kijiti cha kiberiti kilichotupwa kwenye paa la makuti, na ukikiokota baada ya paa kushika moto hujazima kitu.

Mahali pa kulitazama jambo hili ni Antioquia, nchini Kolombia, ambako daktari Francisco Lopera alizifuatilia kwa miongo kadhaa familia zinazorithi kasoro moja ya jeni, kiasi kwamba mwenye nayo huanza kupungukiwa kumbukumbu akiwa na miaka arobaini na kitu. Kwa kuwa hapo inajulikana mapema nani ataugua, mwaka 2013 lilianza jaribio la watu 252, ambapo baadhi yao walipewa kingamwili (protini ya kinga, kama ilivyo Leqembi) ya kupambana na amiloidi kabla ya dalili. Matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha nafuu ya wazi, nami nakiri kwamba hilo linaitikisa hoja yangu, ingawa kingamwili hiyo ilikuwa hafifu kuliko za sasa. Katika ukoo huohuo, hata hivyo, alipatikana mwanamke ambaye ubongo wake ulijaa amiloidi, tau ikawa kidogo, na akakaa bila kuugua hadi umri wa miaka sabini na kitu, takriban miongo mitatu zaidi ya ndugu zake. Alikuwa na nakala mbili za aina adimu ya APOE, jeni ambayo aina zake hubadilisha hatari ya kupata Alzheimer. Taarifa yake ilipotoka mwaka 2019, wengi walianza kuuliza namna ya kukata mkondo kati ya amiloidi na tau, na binafsi naona swali hilo lina mavuno kuliko ubishi wa nani mwizi.

Mzee wa Hoja

Darubini ameeleza vizuri, ila ameipitia bei kimyakimya. Hiyo asilimia 27 ni tofauti ya alama 0.45 katika kipimo chenye alama 18, na sijui ni mwanafamilia gani angeitambua mezani wakati wa chakula. Katika jaribio hilo mgonjwa alitundikiwa dripu kila baada ya wiki mbili, akapigwa picha za ubongo mara kwa mara, na asilimia 12.6 ya waliotumia dawa walionekana na uvimbe ubongoni, ingawa wengi wao hawakuhisi kitu. Tusisahau pia Aduhelm, dawa nyingine ya kuondoa amiloidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kinyume cha maoni ya kamati ya washauri, kisha ikaachwa na watengenezaji wake mwaka 2024.

Nesi wa Machame

Naomba niongeze upande ambao mara nyingi husahaulika. Utafiti wa mwaka 2010 wilayani Hai, hapa Kilimanjaro, uliwapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea, ukakadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa na demensia, yaani kudhoofika kwa akili ambako Alzheimer ni chanzo chake kikuu. Kuwapima kulihitaji ubunifu, kwa maana huwezi kumwambia bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu achore saa ya ukutani. Ndiyo maana kipimo kifupi kilichotengenezwa baadaye kinamtaka apange njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. (Kiberiti tena, Darubini.) Kule Ibadan, Nijeria, Wayoruba walipolinganishwa na Wamarekani weusi wa Indianapolis, wagonjwa wapya wa Alzheimer kwa mwaka walikuwa asilimia 1.15 dhidi ya 2.52, na APOE4, aina ya jeni ya APOE inayoogopwa Ulaya kwa kuongeza hatari, haikuonyesha uzito uleule kwa Wayoruba. Dawa iliyojaribiwa kwa Wazungu zaidi haiwezi kudhaniwa tu kwamba itafanya kazi vilevile kwetu.

Mpwa wa Ugweno

Nashukuruni nyote. Kwa mtu ambaye paa lake limekwisha kushika moto, kuna lolote la kufanya hapa nyumbani?

Nesi wa Machame

Muulize daktari kuhusu donepezil, dawa ya zamani inayosaidia dalili kwa muda bila kugusa chanzo, na mwombe apime presha, sukari, tezi ya shingo, vitamini B12 na usikivu, kwa kuwa baadhi ya hayo hutibika. Hai walijaribu pia vikundi vidogo vya mazungumzo, nyimbo na michezo kwa wagonjwa 34, na uwezo wao wa kufikiri ukaongezeka. Na sokoni asiende peke yake. Mjukuu amsindikize, yeye ndiye achague nyanya.