Hivi Reagan alipunguza serikali kweli au tunakariri tu?

Kijana wa Makambako:
Habari zenu wakuu. Naomba tuongee kuhusu Ronald Reagan, yule rais wa zamani wa Marekani, ila sio mambo ya Urusi na vita baridi, hayo yameshaongelewa sana humu. Nataka mambo ya ndani ya Marekani kwenyewe, 1981 mpaka 1989. Kila nikifuatilia siasa za kule namsikia mwanasiasa wa chama chake cha Republican anasema turudi enzi za Reagan, kodi ndogo, serikali ndogo, kila mtu ajitegemee, na ukumbi mzima unapiga makofi. Sasa nimekuja kusoma kwamba deni la taifa lilikaribia kuwa mara tatu ndani ya miaka yake 8, nikashindwa kuelewa, maana mtu anayepunguza serikali inakuaje anakopa namna hiyo? Wanaojua naomba mnieleweshe, alikata nini, aliacha nini, na mwananchi wa kawaida, fundi, mkulima, muuguzi, alipata nini au alipoteza nini. Nauliza kwa nia njema kabisa, mambo ya ushabiki wa vyama tuyaweke pembeni.

mchumi_mtaani:
Swali zuri mkuu. Kwanza ujue alikuta nini. Mwaka 1980 mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 13.5, riba ziko juu mtu hathubutu kukopa wa kujengea, Rais aliyekuwepo, Carter, watu wameshamchoka. Reagan anaapishwa Januari 1981 anasema wazi kwamba kwa hali ile ya wakati ule serikali sio suluhisho la tatizo, serikali yenyewe ndio tatizo. Wengi wanaishia kwenye hiyo hotuba, hawaendi kuangalia alichosaini.

Agosti 1981 akasaini sheria ya kupunguza kodi ya mapato, kiwango cha juu kikashuka kutoka asilimia 70 hadi 50 na vingine vikashuka kwa awamu ndani ya miaka mitatu. Wakati huohuo bajeti ya jeshi inapanda. Upande wa kukata alikata kweli: stempu za chakula (kuponi za serikali za maskini kununulia chakula), fedha za akina mama maskini wenye watoto, nyumba za watu wa kipato cha chini, chakula cha shuleni. Hiyo ya chakula cha shuleni ilifika mahali wizara ya kilimo ikaja na pendekezo ambalo lingeweza kufanya tomato sosi ihesabiwe kama mboga kwenye sahani ya mtoto, watu wakaja juu, likaondolewa haraka.

Lakini mkuu fedha nyingi za serikali ya Marekani haziko huko. Ziko kwenye pensheni za wazee, matibabu ya wazee, jeshi na riba za madeni. Jeshi yeye mwenyewe aliliongeza, pensheni ukizigusa unapoteza uchaguzi, na riba lazima ilipwe. Kwa hiyo mapato umepunguza, matumizi makubwa yako palepale, tofauti inabaki kuwa mkopo. Deni likatoka karibu dola trilioni 1 mwaka 1981 likafika karibu trilioni 2.9 mwaka 1989. Na usisahau Baraza la Wawakilishi lilikuwa mikononi mwa chama pinzani cha Democrat miaka yote 8, spika akiwa Tip O'Neill mpaka mwanzoni mwa 1987, kwa hiyo kila alichotaka kukata kilipita kwanza kwenye mabishano na hao.

Kuna kitu wafuasi wake hawapendi kukisema, alipandisha kodi pia. Alipoona pengo la bajeti linazidi kuwa kubwa, 1982 akasaini sheria iliyorudisha sehemu ya alichokata, 1983 akapandisha makato ya hifadhi ya jamii, 1984 akasaini nyingine. Halafu 1986 ndo yakaja mageuzi yenyewe hasa, kiwango cha juu kutoka 50 hadi 28, ila mianya mingi ya matajiri kukwepea ikazibwa, kodi ya faida ya kuuza hisa na mali ikapandishwa kutoka 20 hadi 28 ikalingana na ya mshahara, na mamilioni ya watu wa kipato cha chini wakaondolewa kabisa kwenye kodi ya mapato. Toleo la Seneti lilipita kwa kura 97 kwa 3, fikiria hiyo kwa siasa za leo. Kwa maoni yangu hiyo ndo kazi yake bora ya ndani, na Wademokrati walikuwa humo ndani tangu mwanzo.

Kuhusu mfumuko wa bei kushuka, sifa kubwa mpe Paul Volcker wa benki kuu, ambaye aliteuliwa na Carter 1979. Huyo alibana fedha mpaka uchumi ukazimia, mwishoni mwa 1982 ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10.8. Reagan sifa yake ni kwamba hakumwingilia, na 1983 akamteua tena.

Bandarini:
Mchumi umeeleza vizuri kodi lakini umeruka kitu ambacho kwangu mimi kama mtu wa chama cha wafanyakazi ndio kikubwa kuliko vyote, waongoza ndege, wale wanaoelekeza marubani kutoka chini. Tarehe 3 Agosti 1981 waongoza ndege karibu 13,000 waligoma, wanataka mishahara ipande na saa za kazi zipungue, maana ile kazi inachosha akili, ukikosea watu wanakufa. Wafanyakazi wa serikali kuu kule hawaruhusiwi kugoma kisheria. Reagan akawapa saa 48, wasiporudi kazi hawana. Wengi wakadhani anatisha tu, kwa sababu chama chao kilikuwa kimemuunga mkono yeye kwenye uchaguzi wa 1980! Saa zilipoisha akawafukuza watu 11,345, na wakapigwa marufuku kuajiriwa tena kwenye kazi hiyo, marufuku ambayo Rais Clinton ndo alikuja kuiondoa 1993. Chama chao nacho kikafutiwa kibali cha kuwawakilisha.

Kinachoniuma zaidi, huyu Reagan alikuwa rais wa chama cha waigizaji wa filamu kabla ya siasa, na 1960 aliongoza mgomo yeye mwenyewe. Anajua kabisa mfanyakazi akikaa mezani bila uwezo wa kugoma anaongea na ukuta.

Na athari haikuishia viwanja vya ndege. Waajiri wa makampuni binafsi waliona rais amefanya na dunia haijaanguka, wakaanza kuajiri watu wapya kuziba nafasi za waliogoma. Migomo mikubwa ya watu kuanzia 1,000 ilikuwa 187 mwaka 1980, ikafika 40 mwaka 1988. Kima cha chini cha mshahara wa serikali kuu kilikuwa dola 3.35 kwa saa anaingia, anatoka kiko hapohapo 3.35, na bei za vitu zilikuwa zinapanda miaka yote hiyo. Kwa hiyo ukiniuliza fundi alipata nini, jibu langu ni kwamba alipunguziwa kodi kidogo na akanyang'anywa sauti.

Nyambura_Dallas:
Wacha niwaambie vile inaonekana ukiwa huku ndani. Mimi niko Dallas, nafanya kazi ya kutunza wazee, na vitu vya Reagan navikuta karibu kila siku na watu wetu wengi hawajui vimetoka wapi.

Ile fomu ya I-9 unajaza siku unaanza kazi, unaonyesha karatasi zako kwa mwajiri, hiyo imetoka kwa sheria ya uhamiaji alisaini Novemba 1986. Kabla ya hapo mwajiri alikuwa anaweza kuandika mtu hana karatasi na hakuna kesi. Lakini sheria hiyohiyo ilikuwa na upande mwingine, watu waliokuwa wameishi huku bila karatasi kuanzia kabla ya Januari 1982 waliruhusiwa kuomba kuhalalishwa, na wale wa mashambani pia walikuwa na mlango wao, jumla karibu milioni 2.7 walipata makaratasi. Rais mhafidhina, jamani! Leo mwanasiasa wa chama chake akisema hivyo hata kura za mchujo hapati. Mimi namheshimu kwa hiyo, nimefanya kazi na mama mmoja kutoka Mexico ambaye alipata kupitia hiyo sheria na watoto wake wote wamesoma.

Kingine, ukienda emajensi ya hospitali huku na huna bima, hawawezi kukufukuza mlangoni, lazima wakupime na wahakikishe hali yako imetulia, na mama mwenye uchungu wa kuzaa pia. Hiyo ni sheria ya 1986 pia, saini yake. Watu wanadhani ni Obama. Bill itakuja baadaye, hiyo sikudanganyi, itakuja na ni kubwa, lakini hutakufa kwa parking kwa sababu huna kadi.

Na FICA, makato ya pensheni na matibabu ya wazee, ile asilimia 7.65 inakatwa kwa payslip na mwajiri anaongeza hiyohiyo. Mwaka 1983 mfuko wa pensheni ulikuwa karibu kuishiwa, wakakaa na Democrats, tume iliongozwa na Alan Greenspan, wakakubaliana makato yaongezwe haraka, sehemu ya pensheni ya wazee wenye pesa ianze kutozwa kodi, na umri wa kustaafu usogee polepole kutoka 65 hadi 67. Kama umezaliwa 1960 kuja juu, pensheni yako kamili ni 67, na mwenye alisaini ni yeye. Kwa hivyo mtu akiniambia Reagan aliondoa serikali kwa maisha ya watu, mimi naangalia payslip yangu.

mwl_Hassani:
Nawashukuru wote, ila naona tunaenda tukimpamba kidogo. Kuna watu waliolipa gharama ya miaka ile na hawajatajwa.

Ukimwi. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilitoa taarifa ya kwanza Juni 1981, Reagan ana miezi mitano tu ikulu. Hotuba yake kubwa ya kwanza kuhusu ugonjwa huo ilikuja mwisho wa Mei 1987, Wamarekani zaidi ya 20,000 wameshakufa. Sisi tuliozika ndugu zetu Kagera miaka ileile tunajua maana ya kiongozi kukaa kimya, kwa sababu akikaa kimya yeye, jirani naye anaona aibu kusema. Aliyesimama ni daktari mkuu wa serikali yake, C. Everett Koop, mhafidhina na mlokole kabisa, ambaye Oktoba 1986 alitoa ripoti akasema watoto wafundishwe na kondomu zitajwe kwa jina, na 1988 kijitabu kikatumwa kwa posta kila nyumba Marekani. Ndani ya serikali yenyewe kuna waliomchukia kwa hilo.

Halafu madawa ya kulevya. Sheria ya 1986 ilisema ukikamatwa unauza gramu 5 za kokeini ya kupikwa, ile wanaita crack, kifungo kisichopungua miaka 5. Kwa kokeini ya unga ili ufikie miaka hiyohiyo 5 lazima ukutwe na gramu 500. Ya kupikwa ilikuwa mitaa ya weusi maskini, ya unga ilikuwa kwenye sherehe za wenye hela. Dawa ni ileile, uwiano 100 kwa 1, na mpaka 2010 ndo Obama akasaini kupunguza ikawa 18 kwa 1, hata hapo haijalingana. Kuwa mkweli, Wademokrati nao waliikimbilia ile sheria kwa mikono miwili baada ya Len Bias, kijana wa mpira wa kikapu, kufa kwa kokeini Juni 1986, na ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Lakini kalamu ya mwisho ilikuwa ya rais. Idadi ya wafungwa wa magereza ya serikali kuu ilikaribia kuwa mara mbili katika kipindi chake. Sasa gereza nalo si serikali? Askari magereza wanalipwa na nani?

Kijana wa Makambako:
Aisee nimejifunza mengi, asanteni sana, dada Nyambura hiyo ya emajensi sikuwahi kuisikia kabisa. Yamebaki mawili. Mkulima hamjamgusa. Na pia nilisikia aliahidi kufuta Wizara ya Elimu, hiyo iliishia wapi, maana naona mpaka juzi bado wanaahidi kuifuta.

mchumi_mtaani:
Mwalimu umesema kweli, hiyo hoja ya magereza sina la kuipinga.

Mkulima aliumia vibaya, hasa Iowa na majimbo ya jirani. Miaka ya 70 waliambiwa limeni mpaka kwenye uzio, wakakopa kununua ardhi. Riba zikapanda, dola ikawa na nguvu mahindi yao yakawa ghali nje, bei ya ardhi ikaporomoka, mashamba ya vizazi vitatu yakapigwa mnada na benki ndogo za vijijini zikafa pamoja nayo. Na angalia serikali iliyosema soko liamue ilifanya nini: gharama za kuwasaidia wakulima kwa bei na ruzuku zilipita dola bilioni 25 mwaka 1986, hazikuwahi kufika hapo kabla. Mimi simlaumu kwa kuwasaidia, namlaumu kwa kuchelewa, maana wengi walishapoteza mashamba.

Wizara ya Elimu, ndio, aliahidi kuifuta pamoja na ya Nishati, zote mbili zilianzishwa na Carter. Akamweka Terrel Bell kuwa waziri wa elimu, na huyo Bell akaunda tume kuchunguza shule za Marekani. Ripoti ikatoka Aprili 1983 ikasema elimu imeshuka kiasi kwamba taifa liko hatarini, wazazi wakashtuka, magazeti yakaandika wiki nzima, na hapo hakuna mbunge wa chama chochote angethubutu kufuta wizara ya elimu. Ya Nishati nayo ikabaki, ndiyo inayotengeneza silaha za nyuklia. Na Oktoba 1988, imebaki miezi mitatu aondoke, akasaini sheria ya kuigeuza idara ya maveterani kuwa wizara kamili. Alikuta wizara 13, mrithi wake akawa na 14.