Kibodi nzito ya IBM kutoka Kongowea: ni ya aina gani, na niisafishe vipi?

Mchapaji wa Tudor

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Kazi yangu ni kuchapa hati za mawakili na tasnifu za wanafunzi, kwa hiyo vidole vyangu viko kwenye kibodi tangu asubuhi hadi magharibi. Katika rundo la vifaa vya ofisi vilivyokwisha kutumika, pale Kongowea, nilikuta kibodi ya zamani yenye uzito usio wa kawaida, na nilipobonyeza vitufe vyake viliitika kwa mlio mkali ambao sijausikia katika kibodi zinazouzwa madukani siku hizi. Nikainunua.

Mgongoni ina kibandiko chenye jina la IBM, nambari 1391406 na tarehe ya mwaka 1989. Haina kitufe cha Windows, alama ya pauni iko juu ya tarakimu 3, na waya wake uliojisokota unachomoka kwenye kibodi yenyewe, huku ncha ya pili ikiwa na plagi ndogo ya duara yenye pini 6. Uchafu ni mwingi: nywele, vumbi lililogandamana, na doa la kitu kama chai iliyokauka karibu na kitufe cha Enter. Vitufe vichache havitoi mlio, na nikiiinamisha nasikia chembechembe zikitembea ndani. Ni kibodi ya aina gani hasa, na nitaisafisha vipi bila kuiharibu? Jirani yangu ananishauri niitumbukize nzima katika karai la maji ya sabuni.

Fundi wa Majengo

Waalaykum salaam, dada. Tafadhali liache kwanza karai hilo, kwa sababu namna ya kuisafisha inategemea kilichomo ndani, na kilichomo ndani hakijulikani kwa kutazama juu tu.

Nambari uliyoitaja ni ya Model M, kibodi ya IBM yenye springi chini ya kila kitufe, ya mpangilio wa herufi wa Uingereza, na alama ya pauni inakubaliana nayo. Model M ilianza kutengenezwa mwaka 1985. Kiwanda cha IBM cha Lexington, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, ndicho kinachotajwa zaidi, lakini nyingi zenye mpangilio wa Uingereza zilitoka kiwanda cha Greenock, Uskoti. Mwaka 1991 shughuli za Lexington zilipita mikononi mwa kampuni ya Lexmark, na tangu 1996 kampuni ya Unicomp imeendelea kuunda kibodi za aina hiyo katika jimbo hilohilo.

Hata hivyo kibandiko peke yake hakitoshi. Zilitengenezwa pia kibodi zenye umbo kama hilo ambazo chini ya vitufe zina vikombe vya mpira badala ya springi, na katika masoko ya mitumba hutokea mtu akabadilisha mfuniko. Kwa hiyo ng'oa kitufe kimoja, tuseme F5, kwa kukivuta wima kwenda juu. Ukiona kitundu cha mviringo na ndani yake springi nyembamba iliyosimama, basi unayo Model M yenyewe. Ungeona kijiti chenye umbo la msalaba, hiyo ingekuwa swichi (kifaa kinachobonyezwa chini ya kitufe) ya aina ya Cherry MX. Na ungeona tundu jembamba la mstatili, ingekuwa swichi ya Alps, kama zile zilizomo katika kibodi za Dell AT101W, ambazo nazo huonekana mara kwa mara katika marundo hayo na hupitwa na wanunuzi bila kuthaminiwa.

Katika Model M, unapobonyeza, springi hujikunja mpaka ghafla inapinda ubavuni na kugonga ukuta wa kitundu chake. Huo ndio mlio unaousikia. Wakati huohuo kinyundo kidogo cha plastiki kilicho chini ya springi huinuka upande mmoja na kukandamiza tabaka za utando wa plastiki wenye njia za umeme, na herufi inafika kwenye kompyuta. Kwa hiyo mlio na herufi huja pamoja, na ndiyo maana wachapaji wengi huipenda, kwa sababu kidole hupata uhakika bila macho kuangalia.

Utando huo ndio unaokataza kuitumbukiza nzima. Tabaka zake zimebanwa kati ya bamba la chuma na fremu ya plastiki kwa makumi ya riveti za plastiki, yaani vijiti vidogo vilivyoyeyushwa vichwa ili vibane, na maji yakipenya katikati hayana njia ya kutokea. Yatakaa humo yakizila njia za umeme, na kwa unyevu wa Mombasa hutapata siku ambayo yatakauka yenyewe.

Bi Mkubwa wa Likoni

Naafikiana na fundi, nami naongeza kuhusu usafi wenyewe. Piga picha ya kibodi kabla ya kung'oa chochote, maana mpangilio wa Uingereza una vitufe ambavyo mtu husahau vilikaa wapi. Ng'oa vitufe kimoja kimoja kwa kuvuta wima, bila kupindisha. Kile kirefu cha kuachia nafasi kimeshikwa na waya wa chuma kwa chini, kwa hiyo kiinue taratibu pande zote mbili na utazame waya huo unatoka vipi. Vitufe vingi vina sehemu mbili, kofia na shina, na ukitenganisha sehemu hizo uchafu hutoka vizuri zaidi.

Kofia hizo ni za plastiki ya PBT, na herufi zake zimepenyezwa ndani ya plastiki kwa joto badala ya kupakwa juu; sabuni haiwezi kuzifuta. Zilowekwe katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, kisha uzisugue kwa mswaki laini. Tumia maji matamu, si ya kisima. Maji ya visima vyetu vingi hapa yana chumvi, nayo chumvi ikibaki ndani ya shina itashuka hadi kwenye springi na bamba la chuma, ambavyo tayari vinapambana na upepo wa baharini. Ukishasuuza, panga vitufe juu ya taulo huku upande wa wazi ukiangalia chini, uviache usiku kucha mbele ya feni. Ndani ya shina maji hujificha kuliko unavyodhani.

Mfuniko wa juu na wa chini unaweza kuoshwa vivyo hivyo, mradi umeutenganisha na sehemu yenye umeme. Kuna skrubu 4 zenye vichwa vya pembe sita, upande wa nyuma, ndani ya matundu marefu. Soketi inayozifungua ni ya milimita 5.5, nayo iwe na ukuta mwembamba, kwa sababu soketi nene haiingii. Usiutie mfuniko petroli, thina wala asetoni, wala usiuanike juani, kwani jua ndilo linaloifanya plastiki nyingi za zamani kuwa za manjano.

Fremu yenye springi isiguswe na maji hata kidogo. Igeuze kichwa chini, ipige-pige kwa kiganja, kisha ondoa vumbi kwa brashi kavu ya kupakia rangi. Pale penye doa la chai, tumia pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo kwa aikoholi ya isopropili, inayopatikana kwa wauzaji wa vifaa vya mafundi simu. Ile spiriti ya kusafishia vidonda si badala yake, kwa kuwa baadhi huchanganywa na mafuta ya mbarika ambayo hubaki yakinata.

Mchapaji wa Tudor

Nawashukuru sana, Bi Mkubwa na fundi. Nimeng'oa F5 na springi nimeiona, kwa hiyo ni Model M. Nimefungua pia zile skrubu, na zile chembechembe zilizokuwa zikitembea zimeanguka: ni vipande vidogo vyeusi vya plastiki, vya mviringo. Je, ni hatari? Na vile vitufe visivyotoa mlio, ndivyo vilivyokufa?

Fundi wa Majengo

Vipande hivyo ni vichwa vya riveti nilizozitaja. Plastiki yake hukauka kwa miaka na kukatika, na ni nadra kukuta Model M ya umri huu ambayo haijapoteza hata moja. Zikikatika chache zilizotawanyika, kibodi hufanya kazi bila tatizo. Zikikatika nyingi katika eneo moja, bamba huachana na fremu, na vitufe vya hapo hulegea au hukataa kuandika. Geuza fremu uhesabu mapengo, na utazame yako wapi.

Kuhusu mlio, usivihukumu vitufe hivyo mapema. Mara nyingi kitufe kisicholia ni kile ambacho springi yake haikuingia katika kishikio kilicho ndani ya shina. Kitoe, hakikisha springi imesimama katikati ya kitundu, kisha ukirudishe wima hadi kikae. Kikiendelea kunyamaza baada ya hapo, tazama kama springi imepinda au ina kutu.

Ikiwa mapengo ni mengi, ipo dawa yake, lakini ni kazi ya subira. Riveti zote zilizobaki hukatwa, fremu hutobolewa kwa ncha nyembamba ya drili pale zilipokuwa, na badala yake hutiwa skrubu za M2 (za kipenyo cha milimita 2) zenye urefu wa milimita 8 pamoja na nati zake. Bamba likishatoka, springi na vinyundo vyote huwa huru na humwagika ukiinua vibaya, kwa hiyo kazi hii haifai kufanywa mezani penye watoto. Kwa maoni yangu, kama herufi zote zinaandika, usiifanye sasa. Riveti zilizoshika hazidai kubadilishwa.

Kijana wa Bamburi

Naomba kuongeza jambo moja kabla dada hajaiunganisha. Plagi hiyo ya pini 6 ni ya PS/2, njia ya zamani ya kuunganisha kibodi na kompyuta. Ikiwa kompyuta yako ina tundu lake, izime kabisa kabla ya kuchomeka, kwa sababu tundu hilo halikubuniwa kuchomekwa wakati umeme unapita. Ikiwa ina USB tu, vile viunganishi vya bei rahisi ambavyo ni waya tupu ndani havitafaa: vinafanya kazi tu kwa kibodi inayojua lugha ya USB yenyewe, na USB ilitangazwa mwaka 1996, miaka 7 baada ya kibodi yako kutoka kiwandani. Muulize muuzaji kigeuzi chenye saketi ndani yake, na umwombe akijaribu mbele yako kwa kibodi hiyohiyo, si kwa nyingine. Ukishaichomeka, fungua programu yoyote ya kuandikia, bonyeza kila kitufe kimoja baada ya kingine, na uandike pembeni vile vinavyokataa. Orodha hiyo ndiyo fundi atakayoihitaji akilinganisha na mapengo ya riveti.