Naomba ushauri: wino wa PEDOT:PSS unakimbilia pembeni

Wakuu, habari zenu. Nachapa saketi za elektroniki za kikaboni (za plastiki zinazopitisha umeme) kwa printa ya wino, juu ya plastiki ya PET. Tone likikauka, PEDOT:PSS (polima inayopitisha umeme, ndiyo iliyomo kwenye wino) yote inakimbilia ukingoni, inaacha duara kama alama ya kikombe cha kahawa, katikati panabaki patupu. Umeme unapita kwa shida. Nimeongeza ethilini glikoli kidogo, kimiminika cha kusaidia wino upitishe umeme vizuri. Upitishaji umepanda kweli, nilifurahi sana, ila duara bado lipo. Vitundu vya printa navyo vinaziba, ingawa wino nauchuja kwanza.

Nibadili kiyeyushi, au nihamie uchapaji wa skrini (wino unasukumwa kupitia wavu) wenye wino mzito? Nahitaji nafasi ya mikromita 50 tu kati ya elektrodi za transista, na skrini inanitia wasiwasi kwa sababu ni ngumu kuchapa nafasi ndogo hivyo. Aliyewahi kupitia hili anielekeze tafadhali.